Kamba Isiyobeba Kitu

Katika kazi ya kuning'inia kwa kamba, kila mtu hufungwa kwenye kamba mbili. Ya kwanza ndiyo inayobeba: unashuka kwayo, unapanda kwayo, inakazana ukikaa na inachakaa kadiri unavyofanya kazi. Ya pili inateremka kando yake ikiwa imelegea, imefungwa kwenye nanga yake yenyewe, na siku ikienda vizuri haibebi kitu tangu asubuhi hadi jioni. Unaikunja, unaihamisha, unailinda isisuguane na ukingo wa zege, unaibeba begani kwenda na kurudi. Faida yake yote ni kwamba leo tena hukuihitaji.

Kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza kamba hiyo ya pili inasema nini kuhusu binadamu. Je, ni ushahidi kwamba hatuamini? Hatuiamini kamba ya kwanza, hatumwamini fundi aliyeifunga, hatujiamini wenyewe? Au hiyo ndiyo sura ya kuaminiana ikishavuliwa mapambo? Swali linaonekana dogo, la watu wa ufundi. Lakini jibu lake linawagusa watu ambao wengi wetu tunawaona mara kwa mara kupitia vioo vya maofisi, tukawapita kwa macho kama tunavyopita mawingu.

*

Naandika tasnifu ya umahiri katika falsafa, na mada yangu ni kuaminiana. Vitabu vya somo hili vimejaa mifano ya watu wanaoweka maisha yao mikononi mwa wengine: mgonjwa na daktari, abiria na dereva, mtoto na mzazi. Nikaona kabla sijaandika ukurasa mwingine, ingefaa nining'inie kwanza. Nikajiandikisha kwenye mafunzo ya siku tano, ndani ya ghala lenye nguzo za chuma, pamoja na wachomeleaji wawili, mpaka rangi mmoja, na vijana wanaopanda minara ya simu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuja na daftari.

Utaratibu tuliofundishwa una historia yake. Mbinu zake zilitoka kwa wachunguzi wa mapango wa Ulaya, waliojifunza kushuka na kupanda mashimo marefu kwa kamba moja nyembamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni za Uingereza zilizokuwa zikituma watu kuning'inia kwenye mitambo ya mafuta baharini na kwenye majengo marefu ziliunda chama, IRATA, na kamba moja ya mapangoni ikawa mbili. Mpango wake una madaraja matatu. Kutoka daraja moja hadi lingine unahitaji saa zisizopungua 1,000 za kazi ya kamba na angalau mwaka mmoja. Na anayekupima siku ya mwisho hawezi kuwa yule aliyekufundisha. Anatoka nje, hakujui, hana deni kwako wala kwa mwalimu wako.

Siku ya kwanza hatukupanda popote. Tulifunga mafundo. Fundo la nane, fundo la nane lenye masikio mawili, fundo la kuzuia mwisho wa kamba ili usije ukashuka hadi kamba ikaisha. Mwalimu alitaka fundo liwe "limevaa vizuri": kila uzi ulale sambamba na mwenzake, pasiwe na uzi unaomvuka mwingine bila sababu. Mmoja wetu aliuliza kama fundo baya lingekatika. Mwalimu akasema pengine lisikatike. "Lakini fundo lililovaa vizuri linakaguliwa kwa jicho moja. Lililokaa ovyo linanilazimisha nikuamini wewe."

Niliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Fundo zuri ni lile linaloweza kusomwa na mtu mwingine.

Kamba yenyewe haisomeki hivyo. Ina kiini cha nyuzi ndani na ganda lililosukwa nje. Ganda ndilo linalokula mchanga na jua, kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito, na kiini hukioni. Kiwango cha Ulaya kinataka kamba ya kazi hizi ihimili walau kilonyutoni 22, yaani uzito wa zaidi ya tani mbili, ikiwa haina fundo. Ikishafungwa, kiwango kinadai 15 tu. Maana yake ni kwamba fundo linalokuokoa ndilo pia linaloidhoofisha kamba. Wenye kazi wanalijua hilo, wanalipigia hesabu mapema na wanaendelea kufunga mafundo.

Kwa kuwa kiini hakionekani, kila kamba ina kadi yake: ilinunuliwa lini, imetumika wapi, iliwahi kudaka mtu aliyeanguka au la. Ikishapata mshtuko mkubwa inastaafishwa hata kama uso wake unang'aa, na hukatwa vipande ili asije mtu akaiokota na kuitumia. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na kwa kufungia mbuzi wako sahihi kabisa. Kwa kuning'iniza mtu, ukuukuu wa kamba una tarehe ya mwisho.

*

Kabla ya mtu yeyote kunyanyua miguu, mwenzake alimkagua. Na hapa palikuwa na sharti lililonishangaza: ilikatazwa kuuliza, "Uko sawa?" Swali hilo lina jibu moja tu katika Kiswahili. Mtu akiwa na homa, akiwa na deni, akiwa amefunga mkanda kinyume, atasema yuko sawa. Badala yake tulitakiwa kushika kila bakuli ya mkanda kwa mkono, kila karabina, kila fundo, na kulitaja kwa sauti. Kisha anayekaguliwa anageuka na kumkagua mkaguzi wake.

Siku mbili za mwanzo zoezi hilo lilikuwa gumu kuliko kuning'inia kwenyewe. Kwetu, kumkagua mtu mzima ni jambo zito. Ukihesabu fedha mbele ya aliyekupa, anaweza kukuuliza, "Huniamini?" Ukimwuliza shemeji ameandika wapi makubaliano ya shamba, umeshavunja undugu. Mmoja wa wale wachomeleaji, mtu wa makamo mwenye heshima zake, alitazama juu kila nilipogusa mkanda wake, kama mtu anayepekuliwa mlangoni.

Siku ya tatu alibadilika, na hakubadilishwa na hotuba. Alikuwa ananikagua mimi, akakuta karabina yangu haijafungwa komeo lake. Hakusema neno. Akaifunga, akaigonga mara mbili kwa kidole, akasema, "Sasa nikague mimi." Tangu hapo akawa wa kwanza kusimama na kunyanyua mikono ili akaguliwe.

Nikamkumbuka muuza duka wa mtaani kwetu, ambaye akikurudishia chenji hukwambia, "Hesabu kabisa kabla hujaondoka." Hasemi hivyo kwa sababu anakuona mwizi au anajiona mwizi. Anasema kwa sababu anataka kesho urudi bila kinyongo. Kumbe hekima hii tunayo. Tumeiacha kwenye meza ya duka, hatuiruhusu iingie sebuleni wala kazini. Hata wenye imani kubwa kuliko yangu wanayo: watu wa pwani hukumbushana ile hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge, kisha ategemee.

*

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliwahi kumfikiria mtu aliyening'inizwa nje ya mnara mrefu ndani ya kizimba cha chuma. Ni katika kitabu chake A Treatise of Human Nature, kilichotoka kati ya 1739 na 1740. Mtu huyo anajua fika kwamba chuma ni imara na hataanguka. Hata hivyo anatetemeka akitazama chini. Hume alitaka kuonyesha jinsi mawazo ya kuanguka na kufa yanavyoishinda akili inayojua.

Mita tisa juu ya sakafu ya ghala nilimwelewa Hume kwa magoti. Nilijua hesabu zote. Nilikuwa nimeshika kila bakuli. Magoti yalitetemeka tu. Na kinyume chake nilikiona pia: kijana mmoja wa minara ya simu, aliyezoea kupanda bila kufungwa, alining'inia akipiga mluzi siku ambayo kifaa chake cha akiba kilikuwa hakijashika kamba sawasawa. Mwalimu alimwona na kumshusha.

Nachukua funzo moja hapo. Hisia ya usalama na usalama wenyewe ni vitu viwili, na havifuatani. Kama kuaminiana kungekuwa hisia tu, mimi niliyetetemeka ningekuwa sina imani na yule aliyepiga mluzi angekuwa nayo tele. Ilivyo ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimewaamini wenzangu, kwa sababu nilikuwa nimewapa nafasi ya kunikuta na kosa. Yeye hakumwamini mtu yeyote. Aliyazoea tu mazoea.

Annette Baier, mwanafalsafa aliyezaliwa New Zealand, alichapisha mwaka 1986 makala iitwayo "Trust and Antitrust", ambayo karibu kila anayeandika juu ya mada hii huanzia hapo. Anatenganisha kutegemea na kuamini. Kitu tunachokitegemea kikifeli, tunavunjika moyo. Mtu tunayemwamini akituangusha, tunajiona tumesalitiwa. Kamba ikikatika haijanisaliti. Aliyeificha kadi yake ili nisijue imechakaa, huyo kanisaliti.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo lina nusu ya jibu. Kamba ya pili haimtukani mtu, kwa kuwa haiulizi kama wewe ni mwema. Inachokubali ni kwamba mwema naye huchoka, husahau, huangaliwa na jua machoni. Inachukulia kosa kama hali ya hewa: litakuja siku yoyote, kwa yeyote.

*

Kuna pingamizi zito, na sipendi kulipita. Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya Reith iliyotangazwa na BBC mwaka 2002, alionya kwamba utamaduni wa kukagua kila kitu unaweza kuharibu uaminifu uleule unaodai kuulinda. Walimu wanajaza fomu badala ya kufundisha, wauguzi wanaandika ripoti badala ya kukaa na mgonjwa, na mwishowe watu wanajifunza kuiridhisha fomu. Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mkuu anayetaka taarifa ya saa kwa saa anajua O'Neill anasema nini.

Nimejiuliza ukaguzi wa ghalani ulikuwa tofauti kwa lipi, nikaona tofauti mbili. Ya kwanza, ulikuwa wa pande zote. Aliyenikagua nilimkagua, na mwalimu mwenye miaka mingi kazini alisimama mbele ya mwanafunzi wa siku mbili akanyanyua mikono. Ukaguzi unaoshuka tu, usiopanda, ni ulinzi wa mwenye nguvu. Ya pili, tulikagua fundo, hatukukagua moyo. Hakuna aliyeandikwa jina kwa karabina iliyoachwa wazi. Ilifungwa, ikagongwa mara mbili, kazi ikaendelea. Mahali ambapo kosa likionekana linaadhibiwa, watu hujifunza kulificha, na kosa lililofichwa ndilo linaloua.

Kulikuwa na jambo la tatu, dogo zaidi, ambalo nadhani ndilo lililobeba mengine. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye kamba aliweza kusema "Simama," na kila kitu kikasimama. Hakudaiwa sababu. Mara moja nilisema mimi, na leo sikumbuki kama kulikuwa na sababu. Nilishushwa, nikanywa maji, nikarudi juu. Kabla ya hapo niliamini ridhaa ni mlango unaopita mara moja: umekubali, basi umekubali. Kwenye kamba niliona ridhaa inavyopaswa kuwa hai kila dakika, kwa sababu aliyekubali akiwa chini amesimama kwa miguu yake si yule aliye juu anayeona dunia kati ya viatu vyake.

Tena mwili wenyewe unakumbusha. Mtu akining'inia kwenye mkanda bila kujisogeza, damu hutuama miguuni na anaweza kuzimia katika muda wa dakika tu. Kwa hiyo hairuhusiwi kupanga kwamba yakitokea matatizo mtapiga simu na kusubiri waokoaji. Lazima juu ya kamba au kando yake awepo anayejua kukufuata, kukufunga kwake na kushuka nawe. Nusu ya mafunzo yetu ilikuwa hiyo: kumchukua mtu ambaye hawezi tena kujisaidia.

*

Kuna kisa ambacho kila anayeandika juu ya kamba na maadili hukutana nacho. Mwaka 1985, Waingereza wawili, Joe Simpson na Simon Yates, walikuwa wakishuka mlima Siula Grande nchini Peru, baada ya kuufikia upeo wake kwa kupitia uso wake wa magharibi. Simpson alivunjika mguu. Yates aliunganisha kamba mbili kwa fundo na kuanza kumteremsha hatua kwa hatua, yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye shimo alilochimba kwenye theluji. Gizani, katika dhoruba, Simpson alivuka ukingo wa jabali akabaki ananing'inia hewani. Yates hakuweza kumvuta, hakuweza kumshusha zaidi, na theluji aliyokalia ilikuwa inabomoka. Mwishowe alitoa kisu na kuikata kamba. Simpson aliangukia ndani ya ufa wa barafu, hakufa, na kwa siku kadhaa alijikokota hadi kambini. Baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na amekuwa akimtetea Yates tangu hapo.

Katika semina yetu tulibishana juu ya kile kisu kwa saa mbili. Je, aliua au aliacha kuokoa? Je, wawili wakifa ni bora kuliko mmoja kukata? Ni mjadala mzuri, na nilizungumza kwa sauti kubwa kama wengine.

Jioni ile nilimsimulia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alisikiliza hadi mwisho, akala, akanawa mikono, kisha akauliza, "Huyo wa juu alikuwa amejifunga wapi?"

Nikamwambia hakuwa amejifunga popote pa maana. Alikuwa amekaa kwenye theluji.

"Basi hapo ndipo palipo na habari," akasema. "Kisu kilikuja mwishoni."

Sidhani kaka alikuwa anawahukumu wale vijana. Mlimani usiku, na mguu uliovunjika, hakuna wa kukukopesha nanga. Ila aliuona udhaifu wa semina yetu kwa swali moja. Falsafa hupenda dakika ya kisu, kwa sababu dakika hiyo ina watu wawili tu na uamuzi mmoja. Ufundi wa kamba unapenda saa moja kabla ya hapo, saa isiyo na mvuto, ya kutafuta nanga ya pili na kuulizana nani amejifunga wapi. Nadhani sehemu kubwa ya maadili iko katika saa hiyo. Tukiifika dakika ya kisu tukiwa kwenye jengo la mjini, mchana kweupe, na duka la vifaa liko mtaa wa pili, basi kuna aliyeamua zamani, na hakuwa juu ya kamba.

*

Kaka aliuliza swali la kifundi kwa kuwa ni kazi yake. Anasafisha vioo vya majengo marefu mjini Dar es Salaam. Anakaa kwenye ubao uliofungwa kama pembea, ndoo upande mmoja, mpira wa kukaushia vioo upande wa pili, na anateremka ghorofa kwa ghorofa kwa kamba moja iliyofungwa kwenye nguzo au chuma chochote kinachoonekana imara juu ya paa. Nasema tena: kamba moja.

Niliporudi kutoka mafunzoni nilikuwa na mengi ya kumweleza. Nilimchorea pembe ya nanga mbili: kamba zikigawana mzigo kwa pembe ya nyuzi 60, kila nanga inabeba chini ya asilimia 60 ya uzito wako, zikitanuka hadi nyuzi 120, kila moja inabeba uzito wako wote, zikizidi hapo, kila moja inabeba zaidi ya uzito wako. Alitazama mchoro kwa makini kuliko nilivyotazama mimi siku ya kwanza. Akasema kwamba hilo walilijua kwa mikono, walikuwa hawana namba zake.

Kisha nikamwuliza kwa nini anakubali kamba moja.

"Mwenzangu yuko juu ya paa," alijibu. "Anaangalia fundo tangu naanza hadi nafika chini. Yeye ndiye kamba yangu ya pili."

"Na akienda msalani, kaka?"

"Haendi."

Nilinyamaza. Kuna uzuri katika jibu lile ambao sitaki kuuvunja kwa haraka. Watu wawili wamepeana kila kitu walichonacho, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyemwangusha mwenzake. Ukitaka mfano wa amana, ni huo. Lakini kadiri ninavyoufikiria ndivyo ninavyoona ubaya wa anayeufaidi. Kamba hugharimu fedha, na mtu aliye juu ya paa tayari analipwa kibarua, kwa hiyo kamba imebadilishwa kwa mtu. Kamba ikishindwa inatupwa. Mtu akishindwa, akapitiwa na usingizi mara moja tu katika miaka kumi, atabeba jambo lile hadi kaburini, na waliookoa bei ya kamba hawatabeba chochote.

Mtetezi wao atasema kaka amekubali mwenyewe. Ni kweli alikubali. Hapa ndipo nakirudia kipimo cha Baier, ambacho kwangu ni bora kuliko yote aliyoandika. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba kuaminiana ni kwema iwapo kila upande ungeweza kujua wazi kwa nini mwenzake anautegemea, na kujua huko kusiuvunje uhusiano. Tupime. Kaka anamtegemea mwenzake kwa sababu wanajaliana. Lisemwe hilo hadharani, litawaongezea nguvu. Anayewapa kazi anamtegemea kaka atashuka kesho kwa kamba moja kwa sababu anajua kuna kodi ya chumba na ada ya mtoto, na kwamba akikataa kuna kijana mwingine getini. Lisemwe hilo hadharani, neno kwa neno, mbele ya kaka. Uhusiano huo hautavumilia hata chakula kimoja cha mchana.

Ghalani niliweza kusema "Simama" na nikapewa maji. Kaka akisema "Simama" anapoteza siku. Ridhaa ya mtu hupimwa kwa bei ya kukataa, na bei yake na yangu si moja. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya anayemfanyia kazi. Mwajiri, si mwenzake aliye juu ya paa.

*

Narudi kwenye swali. Kamba ya pili inasema nini kuhusu binadamu? Sasa naona inasema kwamba huyu anaruhusiwa kukosea na asife. Ni ruhusa kubwa kuliko inavyoonekana, na haigawanywi sawa. Wengine tuna akiba benki, bima, mjomba mwenye cheo, mtihani wa marudio. Hizo zote ni kamba zinazoteremka kando yetu zikiwa zimelegea, na kwa sababu hazibebi kitu siku nyingi, tunasahau zipo na tunasifu ujasiri wetu. Wengine tunawataka wasikosee kamwe, halafu tunaiita hali hiyo uaminifu na uchapakazi.

Lugha yetu ina neno tanzi. Kitanzi ni kile mtu anachojifunga ili asianguke, na kitanzi ni kile kinachomnyonga. Tofauti haiko kwenye fundo. Iko kwenye nani amelikagua, nani anaweza kusema lifunguliwe, na kuna nini kingine kinachomshika mtu kikishindikana.

Kaka bado yuko vioo. Mimi naandika sura ya tatu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha la ghorofa ya nne. Huenda nawe unasoma haya ukiwa ndani ya jengo la aina hiyo, na siku moja kivuli kitapita kwenye kioo, mtu na ndoo yake. Kabla hujarudi kwenye kazi yako, hesabu kamba. Ukikuta ni moja, shuka hadi mapokezi uulize ni nani aliyemwita mtu huyu, na kamba ya pili iko wapi. Ni swali la dakika tano. Yeye hawezi kuliuliza bila kulipa.